Ufa Nilioziba kwa Kijiko

Wiki iliyopita niliwaacha na Bibi, mguu mmoja jikoni, mguu mmoja ndani ya birika. Alitoka salama. Kilichochubuka ni goti tu, na heshima yake.

Kama hukuwa nasi, sikiliza haraka. Sisi ni watu wa Shela, Malindi. Baba yangu amefariki. Mama yangu, Shekha, yumo edani, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake mpaka siku zake ziishe. Bibi ni mama yake Baba, naye anakaa nasi. Jiko letu nusu ni simiti, nusu ni mbao, kwa sababu chini ya hizo mbao kuna shimo, birika la zamani la kuwekea maji ya mvua, kavu sasa, refu kumpita mtu. Baba aliipiga simiti ile nusu yake, akakusanya marumaru chini ya kitanda ili atandaze jiko lote. Nusu ya mbao hakuiwahi.

Ubao ulipovunjika na Bibi, Ami Zubeir, ndugu yake Baba, alikuja mbio kutoka Mambrui. Akasimama uani, akasema kwa sauti ili Mama asikie kule ndani:

"Siku Shekha akitoka eda nitakuja nilitembee hili jiko, toka mlangoni mpaka dirishani. Likicheza chini ya mguu wangu, nyote mnahamia kwangu, na nyumba naipangisha. Kuna Mtaliano ameshaniuliza mara mbili. Sitamwacha mama yangu afie shimoni."

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na nne.

Sasa nitasema lile ambalo wakati ule sikumwambia mtu.

Mama aliagiza aitwe Fundi Kenga wa Ganda, maana Baba alikuwa akimsifu. Lakini nani atasema na fundi? Shehe alishasema mjane akiwa na haja anaweza kusema nyuma ya pazia, hakuna ubaya. Bibi akasema shehe ana msikiti wake, na nyumba hii ina mwenyewe.

"Katika nyumba hii sauti ya mjane haitoki mbele ya wanaume. Mimi nilikaa hivyo. Mama mkwe wangu alikaa hivyo."

"Basi mama, hayo maneno ya fundi yatapitia wapi?" Mama akauliza kwa kunong'ona.

Bibi akanitazama mimi.

Mimi, Tumu! Mimi ambaye mwalimu akiniuliza jina langu, ni mwenzangu wa dawati anayejibu.

Asubuhi yake sikwenda shule. Fundi Kenga akaja na kapu la vyombo na kofia ya mkeka. Nikamwamkia shikamoo, hakuisikia. Nikaamkia tena. Akageuka.

"Ala! Kumbe kuna mtu hapa? Marahaba. Mwenye nyumba yuko wapi?"

Nikaonyesha pazia kwa kidole.

"Aa, nimefahamu. Basi wewe ndiye mdomo wake."

Akachukua chupa ya soda, akaijaza maji nusu, akaiweka juu ya mbao. Akapiga mguu chini. Maji yakatetema chupani. Akaihamishia kwenye simiti, akapiga mguu tena. Maji kimya.

"Umeona, binti? Hawa ni wake wenza wawili. Huyu wa mbao akisikia chakacha tu, kiuno juu. Huyu wa simiti hata harusi ya nduguye hasimami. Ukilaza marumaru juu yao kama ni mtu mmoja, huyu atacheza, yule atakataa, na marumaru itapasuka hapa hapa wanapopakana. Wake wenza kila mmoja na mlango wake. Hapa kati lazima tuache mstari, upana wa kidole. Mstari tutautia kamba ya usumba wa nazi iliyochovywa lami. Ikibanwa inabanika, ikivutwa inavutika. Kamwambie mama yako."

Nikaingia ndani. Mama amekaa kitandani, kanga nyeupe mpaka kwenye nyusi. Mapajani ana daftari la Baba, lile alilochora jiko. Miraba kwa miraba, toka mlangoni mpaka dirishani, haikukatika popote.

"Anasemaje?"

"Anasema ataanza leo."

"Mwambie nataka kitu kimoja, Tumu. Kama alivyochora baba yako. Sitaki mtu akiingia ajue huku kulikuwa mbao na huku simiti. Nataka kimoja, umesikia?"

Machozi yakamdondokea juu ya daftari. Akayafuta kwa kiganja, mstari wa penseli ukachafuka, akazidi kulia.

Nikarudi jikoni. Nikamwambia fundi, sijui kwa sauti gani, "Mama anataka kitu kimoja."

"Kitu kimoja vipi? Bila mstari?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Haiwezekani. Kamwambie Kenga amesema haiwezekani. Mstari, ama nachukua kapu langu."

Nikaingia tena. Mama akainua macho.

"Amesemaje?"

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo. Nilikuwa na neno zima mdomoni, haiwezekani. Lakini yale macho yalikuwa mekundu mno.

"Amesema sawa, Mama."

Nikatoka.

"Mama yako amesemaje?" fundi akauliza.

"Amesema sawa."

Basi wote wawili wakafurahi. Sikuwahi kuwafurahisha watu wawili wakubwa kwa mara moja, tena kwa neno moja la uongo.

Siku sita za mwanzo ni taabu juu ya taabu. Fundi aling'oa mbao zote, Bibi akawa anapikia uani akilaani moshi. Boriti za chini zilikuwa saba. Fundi akazigonga moja moja kwa nyundo.

"Hii nzima. Hii nzima. Hii..." Nyundo ikaingia ndani kama inaingia kwenye mkate. "Hii ni mchwa waliojipanga tu."

Tatu zilikuwa hivyo. Nikatumwa kwa Mama. Mama akasema zitafutwe nyingine. Mkokoteni ukaleta boriti zilizopinda. Zikarudishwa. Zikaja nzuri, mvua ikanyesha, zikalala uani siku mbili maana fundi alikataa kuziweka zikiwa na maji.

Halafu nusu ya simiti nayo ikaleta yake. Miaka saba Mama na Bibi wamekaanga pale, simiti imekunywa mafuta mpaka imekuwa nyeusi. Fundi akamwaga maji, yakajikusanya matone kama juu ya jani la mgomba.

"Hapa hapashiki kitu. Sugua."

"Nani?" nikauliza.

"Unamwona mwingine?"

Nilisugua kwa magadi na brashi ya waya mpaka vidole vikatoka ngozi. Shule ilikuwa na mtihani wiki ile. Mimi nina mtihani wa mafuta. Fundi naye akafuata nyuma yangu na tindo, anaitoboatoboa simiti ya Baba ili ile mpya ipate pa kushika. Kila akigonga, Bibi anaita uani, "Polepole! Hiyo ni mikono ya mwanangu unayoigonga!"

"Nasikia, mama. Lakini mikono ya mwanao iliacha bonde hapa."

"Mwongo!"

"Haya, njoo na mpira wa maji tupime."

Ni mpira mrefu mweupe wa kupimia usawa, maji ndani, yeye ameshika ncha hii na mimi ncha ile. "Maji yakifika kwenye alama yako useme sawa. Kwa nguvu, mimi nimeinama."

Maji yakafika. "Sawa," nikasema.

"Yamefika?"

"Sawa."

"Binti, yamefika ama hayajafika?"

"Sawa..."

Mpaka anisikie, maji yalishapita alama, naye akapiga mstari wake ukutani, vidole viwili juu ya unaotakiwa. Alipogundua, alikuwa ameshafunga mbao nne kwa kipimo hicho. Akazing'oa zote nne. Hakunipiga wala hakunitukana. Alikaa juu ya ndoo.

"Mwanangu, hiyo sauti unamwekea nani?"

Nikamwokotea mbao zake. Unadhani ningejibu?

Zilipobaki siku kumi na tano, jiko likawa tayari kumwagwa simiti. Mbao mpya zimefungwa kwa skurubu, si misumari. Juu yake karatasi ya lami, juu yake wavu wa kuku, umebanwa vizuri. Kati ya mbao na simiti akalaza ufito mrefu mwembamba uliopakwa mafuta, toka ukuta mpaka ukuta. Halafu akamwaga rojo ya simiti na mchanga wa mtoni, pande zote mbili za ufito, akaisawazisha kwa bao refu. Jioni jiko lote lilikuwa sawa kama meza. Hata Bibi alilisifu.

Kabla hajanawa mikono, mtu akamletea habari kwamba shemeji yake amefariki kule Ganze. Akanishika bega.

"Nakwenda matangani, siku tano, sita. Nisikilize vizuri. Kesho asubuhi uchomoe huu ufito, polepole, uache mfereji wazi. Usiutie simiti. Usiutie hata mchanga. Lami na kamba nitakuja nayo mimi. Na upande huu wa mbao, siku saba, asikanyage mtu wala kisiwekwe kitu kizito. Kamwambie mama yako na bibi yako. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia vizuri sana. Ningeweza kuyaandika yote ubaoni bila kukosea neno.

Asubuhi nikachomoa ufito. Mfereji ukabaki, umenyooka, mzuri. Nikasema moyoni, leo nitamwambia Mama. Nitakunywa chai kwanza, halafu nitamwambia.

Bibi akanitangulia. Alisimama mlangoni pa jiko akapiga yowe kama amemwona nyoka.

"Shekha! Shekha we! Fundi wako amekimbia kazi! Ameacha mfereji katikati ya jiko, mkono unaingia! Mende wote wa birikani watatoka hapa waje walale na mimi!"

Mama akanyanyuka. Wakati ule hakukuwa na mwanamume nyumbani, akaja mwenyewe mpaka mlangoni. Ndiyo mara yake ya kwanza kuliona jiko tangu kazi ianze. Akalitazama lote, uso ukamng'aa, halafu macho yakafika pale katikati.

"Tumu. Si ulisema amekubali kitu kimoja?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hii ni nini?"

Sasa nilikuwa na nafasi. Mama ananingoja. Ningesema tu: Mama, fundi alikataa, mimi ndiye niliyekudanganya. Maneno machache tu. Mdomo ukafunguka.

"Labda amesahau," nikasema.

Mama akashusha pumzi. "Msiba umemchanganya, maskini. Si neno. Simiti imebaki kwenye mfuko, sivyo? Chota kidogo, uzibe. Ami yako akija akaliona hili, tumekwisha."

Bibi akaniletea mchanga kwenye sinia. Nikachanganya na maji. Mwiko fundi alikuwa amekwenda nao, nikachukua kijiko cha kupakulia wali. Nikapiga magoti, nikaziba ule mfereji, shibiri kwa shibiri, toka ukuta mpaka ukuta. Kila shibiri nikijiambia, ya pili nitasimama niseme. Ya tatu nitasema. Nilipofika ukutani nikageuza kijiko, nikalainisha kwa mgongo wake.

Nilifanya kazi safi. Mama alinibusu kichwani.

Siku ya tatu Bibi akachoka kuchota maji uani.

"Jiko limeshakauka. Tulirudishe pipa langu pahali pake."

Pahali pake ni upande wa mbao.

"Bibi..." nikasema.

"Nini?"

"Ni zito."

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Sukuma!"

Nikasukuma. Tukalijaza, ndoo kumi na moja. Tukamwaga ya mwisho, Bibi akachota kata moja akanywa, akasema alhamdulillahi.

Jiko likajibu. Kaa!

Si kwa kelele. Kama mtu anapovunja kijiti kikavu chumba cha pili. Ule mstari wangu ukafunguka toka ukuta mpaka ukuta, halafu ukachipua. Tawi moja likaingia kwenye simiti ya Baba, jingine likapita upande wa mbao mpaka chini ya pipa, na kipande cha rojo, upana wa sahani, kikanyanyuka kutoka kwenye wavu kama ganda la kidonda.

Bibi alikitazama. Akanitazama mimi. Akatandika mkeka juu yake.

"Usimwambie mama yako," akasema.

Hilo ndilo agizo pekee nililolitimiza bila kukosea mwezi mzima.

Lakini Bibi huyo huyo alishajisifu kwa kila aliyekuja kumpa pole ya goti kwamba jiko limekwisha. Habari zikafika Mambrui. Ijumaa baada ya sala, zimebaki siku tisa, tunasikia hodi. Ami Zubeir, kanzu imenyooka, uso wa furaha kabisa.

"Nimeambiwa jiko limekwisha! Nimekuja kuona kazi."

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, Tumu. Nipishe mlangoni, mwanangu."

Nyuma yake, pale pale barazani, akatokea Fundi Kenga, vumbi la Ganze mpaka magotini, debe la lami mkononi na kamba ya usumba begani.

Wakaingia pamoja. Ami akavuta mkeka kwa ncha ya kiatu.

Akaweka mguu upande wa mbao, akabonyeza. Kile kipande kikalia kama sahani iliyopasuka.

"Bwana Kenga. Hii ndiyo kazi yako?"

Fundi alikuwa ameshachuchumaa. Akang'oa kibonge kwenye ule mstari, akakivunja kwa vidole, akakitia ulimini. Akatema.

"Simiti hii si yangu."

"Haikushuka mbinguni."

"Nakwambia si yangu, bwana. Mimi natumia mchanga wa mtoni. Hii ina chumvi, na ina hiki." Akanyoosha kiganja. Kilikuwa na ganda dogo la chaza, kama ukucha. "Huu ni mchanga wa ufuoni. Mimi niliacha mfereji hapa. Mtu ameuziba."

"Watu wote wa kazi mbovu husema hivyo hivyo," Ami akasema. "Nitakwenda sokoni nitangaze. Kenga wa Ganda anaharibu nyumba za wajane, halafu anatafuta chaza wa kumsingizia."

Fundi akasimama. Akaokota debe lake la lami. Huyu mtu alinifundisha kupima maji. Alipokosea kipimo, mimi ndiye niliyemkosesha, na hakunitukana.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia.

"Ni mimi!" Nikashtuka mwenyewe. "Ni mimi nimeziba. Kwa kijiko."

Ami akageuka taratibu. "Nani alikutuma?"

Fundi naye, wakati huo huo: "Nilikwambia usizibe, ama sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Nilikwambia umwambie mama yako?"

"Uliniambia."

"Ulimwambia?"

Bibi akaanza kukohoa pasipo kikohozi.

"Sikumwambia," nikasema. "Hata ule mstari. Sikumwambia kamwe."

Kule nyuma ya pazia nikasikia daftari likifungwa.

Ami akatazama saa yake. "Zimebaki siku tisa. Fundi, linatengenezeka?"

"Kubomoa na kumwaga upya, siku mbili. Kukauka, saba. Marumaru hata baada ya eda. Nikianza leo, sasa hivi, linatengenezeka. Nikianza kesho, halitengenezeki."

"Basi anza!" Bibi akasema.

"Sianzi."

"Unasemaje wewe?"

"Mama, nakuheshimu. Lakini kazi ya kuletewa maneno sifanyi tena. Leo nitavunja, kesho nitaambiwa mwenye nyumba amesema ziba. Jina langu ni hili moja tu. Nataka nimsikie mwenye nyumba kwa masikio yangu aseme, Kenga, weka mstari. Sitaki kumwona. Nitageuka ukutani. Nimsikie tu."

"Haiwi!" Bibi akainuka, goti lake bovu na yote, akajibandika mbele ya pazia mikono ameitanua. "Si katika nyumba yangu! Mjane hatoi sauti kwa wanaume. Shekha, usithubutu!"

Ami Zubeir hakuingilia. Akakusanya kanzu yake, akakaa kizingitini, amestarehe kama mtu anayengoja kahawa.

"Mimi sina haraka," akasema. "Nitangoja tu mpaka kesho."

Fundi akageuka ukutani, akavua kofia, akangoja.

Kitanda cha Mama kikalia. Nikasikia nyayo zake sakafuni, moja, mbili, tatu. Pazia likajaa nyuma ya mgongo wa Bibi, na vidole vya Mama vikatokea pembeni, vimelishika. Bibi akavipiga kofi. Havikuachia.

Halafu sauti ikatoka. Si ya kunong'ona. Sauti kamili ya Mama, ambayo sisi wenyewe hatukuisikia kwa miezi minne. Ami akasimama wima. Fundi akainamisha kichwa pale ukutani. Bibi akaziba masikio yake mwenyewe, kama kwamba hiyo ingetusaidia.

Lakini Mama hakusema na fundi.

"Tumu," akasema. "Siku ile ulipotoka kwa fundi ukaja ukaniambia amesema sawa. Nani alisema sawa? Ni yeye, ama ni wewe?"